Sura ya Saba: Siku Tuliyohesabu Ndege Rusizi

Siku niliyokwenda na Léonce kuhesabu ndege kwa mara ya mwisho, niliamka nikiwa na furaha. Naanza na hiyo furaha makusudi, ili mjue nilivyokuwa mjinga. Nilioga mara mbili, nikajitanda kitambaa cha kijani ambacho aliwahi kusema kinanipendeza, kisha nikavaa raba za kaka yangu kwa sababu matope ya delta hayajali nani kapendeza. Shangazi Sijaona, aliyenilea tangu mama afariki, alinikuta nikijipaka wanja akaniuliza kama hao ndege siku hizi wanachagua wageni.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, mwaka 2001. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na moshi wa majani yaliyochomwa ulikuwa umeifunika milima ya Kongo hata ungedhani ng'ambo ya ziwa hakuna nchi. Siku kumi na sita zilikuwa zimepita bila kumwona Léonce. Zilianza siku ile wazee wake walipokuja kwetu Bwiza kuniomba.

Kwao Kiriri, mtaa wa wakubwa, kama kwa Warundi wengi, neno la kuomba binti halisemwi midomo ikiwa mikavu. Wanaokuja huja na vinywaji, na vinywaji ndivyo vinavyofungua mazungumzo. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Na kwa jinsi tulivyochanganyika katika mji huu, kila mtu anajua kwamba ukienda kwa Waislamu unabeba Fanta. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Wazee wale walishusha kreti nne za bia wakazipanga kwenye kizingiti cha baba yangu, Huseni fundi magari, mtu anayeadhini msikitini kwetu muadhini mwenyewe anapougua. Na ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka kuswali.

Baba hakupandisha sauti. Aliwaambia wageni karibuni, ila mzigo huo urudi garini kwanza. Mkubwa wao, baba mdogo wa Léonce, akamjibu kwamba kwao anayekataa kinywaji amekataa na neno lililokuja nacho. Wakapakia kreti zao wakaondoka, na mtaa mzima umesimama barazani unatazama. Kwa wiki nzima vijana wa pale kona walikuwa wakimuuliza baba kama hakubakiza hata chupa moja ya kuonja.

Jioni ya siku hiyo baba aliniuliza swali moja tu. Kijana mwenyewe alijua? Nikaapa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema wallahi Léonce hakujua, hizo ni njama za wakubwa wake. Niliapa kwa jambo ambalo sikuliona wala sikuambiwa na mtu, kwa sababu tu nilimpenda na sikuweza kumweka katika uchafu ule.

Siku tatu baba alishinda karakana mpaka giza. Siku ya nne akaniita karakana, mikono imejaa grisi, akaniambia, "Kama mutoto hakujua, mi siwezi kumuazibu juu ya wakubwa wake. Warudi. Hata mutu mumoja, mikono mitupu, nitamufungulia. Lakini Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu ikipita, nitamujibu Shakuru."

Shakuru alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Uvira, mgane, mtu mwema, naye pia alikuwa ameniposa. Sikuwa na neno baya juu yake isipokuwa kwamba hakuwa Léonce. Kwa hiyo Jumapili ile nilikuwa na siku tano mkononi, na nilichotaka duniani kilikuwa kimoja: Léonce aniambie kwamba Ijumaa atakuja mtu.

Tulikuwa wanne garini. Gari lilikuwa la kwao Léonce, pikapu nyeupe, na dereva wao Chabani ni mtu wa Bwiza kama sisi. Mbele alikaa Mwalimu Namegabe, mzee wa Bukavu aliyetufundisha biolojia lisee, shule yetu ya sekondari, ambaye kila mwisho wa kiangazi alihesabu ndege wa delta, vita au hakuna vita. Mimi na Léonce tulikaa nyuma. Alinipa mkono kama mtu anayesalimia karani wa posta, kisha akageuka kutazama barabara ya Gatumba, ambako nyumba nyingi hazikuwa tena na mabati. Nikajiambia ana aibu kwa yaliyotokea. Nilimpenda zaidi kwa hiyo aibu.

Kwenye kizuizi askari walichukua vitambulisho vyetu wakasema tuwe tumerudi kabla ya saa tisa. Baada ya hapo kila mtu ajitegemee.

Mwalimu Namegabe ana kanuni ya kazi yake, na lazima niieleze, maana mapenzi yetu yote yalijengwa juu yake. Ndege huhesabiwa na watu wawili. Mmoja anatazama kwa darubini na kutaja idadi, mwingine anaandika. Anayetazama haruhusiwi kushusha darubini mpaka kundi limalizike, kwa sababu akipepesa tu atahesabu upya. Anayeandika haulizi wala hazungumzi. Kwa viangazi vinne mimi nilitazama, Léonce akaandika. Wengine hupendana kwa kukonyezana. Mimi nilimpenda mtu aliyekuwa nyuma ya bega langu la kushoto: nilisikia kalamu yake, pumzi yake, na joto la mkono wake aliposogea kunikinga jua. Nilikuwa najua atacheka kabla hajacheka. Macho yake nilikuwa nayapata baadaye, kundi likiisha, na nilikuwa nahesabu haraka haraka ili liishe.

Mwalimu alikwenda upande wa mafunjo peke yake, Chabani akabaki garini, sisi tukashuka mpaka mahali mto unapoingia ziwani. Maji yalikuwa yamepungua na fungu la mchanga lilikuwa limetokeza katikati. Juu yake walilala wale ndege weusi wenye tumbo jeupe ambao Mwalimu anawaita bec-en-ciseaux, yaani midomo ya mkasi, mdomo mwekundu, wa chini mrefu kuliko wa juu. Hukaa pale kiangazi tu. Mvua ikija na mto ukipanda, mchanga unazama nao wanakwenda zao. Viboko watatu walikuwa majini mbali kidogo, wanapumua. Nikapiga magoti, nikainua darubini, nikaanza.

Nilikuwa nimefika thelathini na mbili Léonce aliposema, "Sumaya."

"Thelathini na mbili," nikasema. "Andika."

"Nimepata bourse ya kwenda kusoma Ulaya. Liège. Naondoka tarehe nane."

Nilihesabu saba wengine kabla sijaweza kufungua mdomo. Alichagua wakati ambao siruhusiwi kugeuka, na hilo nililiona palepale, ila nililisamehe palepale pia. Nikamuuliza, macho bado yako kwenye mchanga, kama wazee wake watakuja Ijumaa.

"Apana. Papa hatawarudisha. Amesema kwetu mutu haendi mara mbili mahali wamemufukuza."

Basi nikamweleza mpango wangu, ule ulioniamsha na furaha asubuhi. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Mwalimu Namegabe. Mwalimu amekubali kusimama kama mzee wa Léonce, waje wawili tu, mikono mitupu, Ijumaa baada ya swala. Baba atawafungulia, amesema kwa mdomo wake. Nikah inaweza kufungwa kabla ya tarehe nane, au Léonce aende akasome na mimi nimsubiri nikiwa mchumba wa mtu, hata miaka minne. Nilimwambia mimi kusubiri naweza. Ndege walikuwa wanacheza mbele ya macho yangu, lakini sikushusha darubini.

Kisha nilisikia mkono wake begani.

"Unipe kidogo niwaze," akasema.

Ndiyo hivyo tu, na mimi nikaifanya sherehe. Nilimalizia hesabu kama mtu anayeimba: mia moja na kumi na nane. Nilipogeuka kuyapokea macho yake, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

Saa sita tulikusanyika garini kula. Mwalimu aliomba karatasi yetu akaitazama, akamtazama Léonce. Idadi ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa thelathini na mbili. Mwalimu alitusema sana, na Léonce akaomba msamaha, na mimi nikacheka peke yangu kama punguani. Nilidhani mapenzi ndiyo yaliyomsahaulisha kuandika.

Chabani alikuwa amejitenga upande wa pili wa gari. Nikampelekea chapati mbili na chai ya chupa, maana huwa hali na wakubwa mpaka aitwe. Alizipokea bila kunitazama. Nilikuwa nageuka kurudi aliponiita dada, akasema ananiomba msamaha, kwamba tangu siku ile halali vizuri, kwa sababu ni yeye aliyezibeba zile kreti mpaka mlangoni kwa mzee Huseni, na kila siku wanaonana naye msikitini.

Nikamwambia asijisumbue, dereva anabeba anachoambiwa.

"Njo maana nilimuuliza," akasema. "Pale depo ya vinywaji. Nikamuambia, Léonce, hawa ni Waislamu, tubadilishe, tubebe Fanta. Mi ni mutu wa kule, najua. Akaniambia, 'Acha hivyo, Chabani. Najua.'"

Nikamuuliza kama Léonce alikuwa depo.

Chabani aliniangalia, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba sikuwa na habari. Alijaribu kurudi nyuma, akasema labda anachanganya. Nikamshika mkono wa shati.

"Kaka Chabani, useme."

"Alikuwa mbele na mi. Mpaka kwenu alifika. Alibakia mu gari pale kona, kioo kimefungwa. Aliona yote, dada."

Sikumbuki niliuachia lini ule mkono wa shati. Nakumbuka nilishuka tena mtoni, matete yakinichanja, na Léonce alikuwa amerudi kukaa palepale tulipohesabia, anarusha vijiwe majini. Ndege walikuwa wamehamia ncha ya fungu la mchanga. Nilisimama mbele yake, jua liko mgongoni mwangu, kivuli changu kimemfunika.

"Unitazame," nikamwambia.

Alinitazama. Viangazi vinne nilikuwa nikihesabu haraka ili niyafikie macho yale, na sasa yalipokuwa juu yangu sikutaka chochote kutoka kwayo isipokuwa jibu. Nikamuuliza kama alijua.

Hakukana. Mungu amlipe kwa hilo moja, hakukana.

"Papa alisema tunaenda mara moja tu," akasema. "Wakikubali, bon, nabaki, naoa. Wakikataa, naenda Ulaya na hakuna kelele nyumbani."

"Na mukachagua bia."

"Si mi nilichagua."

"Chabani alikuambia mubadilishe."

Alishusha macho. Kwa mbali, huko milimani, kulikuwa na milio kama mtu anayepigilia misumari kwenye mbao, na hakuna kati yetu aliyegeuza kichwa.

"Nilitaka apana itoke kwenu," akasema hatimaye. "Mi siwezi kukuambia apana, Sumaya. Sijawahi kuweza. Nikawaza, mzee Huseni atakataa, we utalia, mi nitalia, na hakuna mutu atakuwa mubaya. Nataka kwenda kusoma. Nakupenda, vraiment nakupenda, lakini nataka kwenda, na mi sina nguvu ya kupigana na papa miaka yote."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Mtu anayekutukana unaweza kumtukana. Nilimwambia alimtia baba yangu aibu mbele ya msikiti ili yeye asione haya mbele yangu. Nilimwambia kwamba mzee yule, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu, alikuwa amekubali kumeza fedheha yake kwa sababu mimi nilimwapia kwa Mungu kwamba Léonce hakujua.

"Uliapa?" akauliza.

"Niliapa."

"Kwa nini uliapa, Sumaya? Hata hukuniuliza."

Ilikuwa kweli. Ndiyo sababu iliniuma kuliko yote aliyosema siku ile. Siku kumi na sita, na ningeweza kumtuma mtoto yeyote wa mtaani na kikaratasi cha maneno mawili. Sikutuma. Nilikuwa nimeogopa jibu, nikaita hofu yangu imani.

Akasimama, akanyoosha mkono kama anataka kunifuta uso, wanja ulikuwa umenichuruzika mpaka kidevuni. Akasema bado anaweza kuja Ijumaa na Mwalimu. Kama nataka, atakuja. Alisema hivyo, kama nataka.

"Asubuhi ulikuwa unawaza," nikamwambia. "Sasa unakuya kwa sababu nimekushika. Usikuye. Mi sitaki mutu wa kunihurumia."

Alisema jina langu. Nikamwambia akachukue vitu vyake, saa nane imepita, askari hawasubiri watu wanaolia.

Kurudi, nilikaa mbele, nimebanana na Mwalimu, naye Léonce akapanda nyuma kwenye bodi pamoja na ngazi na vikapu. Tulipofika kizuizini Mwalimu alinipa kitambulisho changu na leso yake, na tulipoingia Bwiza aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa yeye yuko tayari saa yoyote. Nikamwambia haitahitajika. Nilishuka bila kutazama nyuma ya gari. Naomba mniamini, sikutazama, ingawa nilisikia mtu ameruka chini na kusimama barabarani mpaka Chabani alipopiga honi.

Baba alikuwa uani ananawa mikono kwa sabuni ya unga. Jumapili huwa hafanyi kazi. Alifungua karakana kwa sababu hakuweza kukaa bure akinisubiri. Nililijua hilo mara nilipomwona. Shangazi Sijaona alikuwa mlangoni na ungo wa mchele mapajani, anajifanya hasikilizi.

"Wanakuya?" baba akauliza.

Njia nzima nilikuwa nimekata kauli kusema kweli. Lakini nilimwona alivyonikodolea macho yale yenye matumaini, mzee yule, matumaini kwa ajili yangu na si yake, na sikuweza kumwambia kwamba alifedheheshwa mara mbili, mara ya kwanza na wale wazee, mara ya pili na kiapo cha mwanawe. Nikaona bora aibu iwe yangu peke yangu.

"Hawakuyi, baba," nikasema. "Mi njo nimekataa. Léonce alitaka kuja. Nimemuambia simutaki tena."

Ungo wa shangazi ulisimama. Baba aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa. Nilitegemea anigombeze, na nilitamani anigombeze. Aliuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akauliza kama kijana alinikosea, nikasema hapana, hakunikosea kitu. Baba akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya akimaliza kazi ngumu.

"Basi yule mutoto nimemuzulumu," akasema. "Nimerudisha wazee wake mulangoni, kumbe binti mwenyewe hana haja naye. Sijaona, niletee kanzu ya Idi."

Shangazi akamuuliza anakwenda wapi saa hizi.

"Kiriri. Nitafika kabla ya couvre-feu, njia haiyafungwa. Nitamuomba radhi yeye na baba yake. Mutu asiende safari ya mbali na kinyongo cha mulango wangu."

Sikujua kwamba alikwisha kusikia habari za safari. Bwiza kila kitu kinasikika. Alivaa kanzu juu ya suruali yake ya kazi, akatafuta kofia, akajipaka mafuta ya misk kidogo shingoni. Nami nilimwona, kama tayari yuko kule, amesimama kwenye geti la watu wakubwa, mlinzi anamwambia asubiri, kisha anaingizwa sebuleni na viatu vyake mkononi. Nilimwona anaomba radhi. Na nilimwona Léonce amekaa kwenye kochi upande wa pili, anamsikiliza, macho chini. Nilijua kwa moyo wangu wote, moyo uleule uliokuwa bado unampenda, kwamba angenyamaza akaipokea.

Baba alikuwa na mguu mmoja nje nilipomzuia. Nilimwambia yote, kuanzia depo mpaka kioo kilichofungwa, na kwamba niliapa bila kujua, na kwamba dakika tano zilizopita nilimdanganya nikijua. Sikupumzika njiani, maana ningepumzika nisingemaliza. Shangazi Sijaona alifunga mlango wa nje ili majirani wasisikie.

Baba alinisikiliza amesimama. Nilipofika mwisho aliondoa mkono kwenye mwimo. Kisha akashika pindo la kanzu alivute juu ya kichwa, na mikono ile inayoinua injini peke yake ikashindwa. Kitambaa kilimkwama mabegani, uso wake umo ndani, siuoni.

"Nisaidie kuvua," akasema.